Ufunguo wa Gari na Kijana wa Miaka 18

(Hotuba ya wakufunzi wa udereva kwa wazazi, walezi na vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita, Mikocheni, Dar es Salaam)

Ndugu wazazi na walezi, walimu wetu, na ninyi vijana mliokaa safu za nyuma: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na wote kwa jumla, habari za asubuhi.

Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kutusikiliza. Tumekuja na jambo moja. Kijana akitimiza miaka 18 sheria inamruhusu kuomba leseni ya gari. Macho ya dereva hapewi siku hiyo. Yanakuja polepole, kwa saa nyingi za kushika usukani huku mtu mzima mwenye uzoefu amekaa kiti cha pembeni. Chuo cha udereva kinaanza kazi hiyo tu. Sehemu kubwa inabaki nyumbani, na ndiyo sababu leo tumewaita wazazi.

Tuanze na sheria, kwa kifupi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani. Anayejifunza anatakiwa awe na leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, gari liwe na alama ya L mbele na nyuma, na pembeni yake akae mwenye leseni. Akifuzu mafunzo anapimwa na trafiki, kisha leseni inatolewa na TRA. Leseni ya gari dogo haimpi ruhusa ya kuendesha pikipiki wala kubeba abiria wa kulipa. Pikipiki ina daraja lake, A, na daladala lina lake, C. Kijana aliyepata leseni ya gari jana, leo akapanda boda ya mjomba wake na kuingia nayo Barabara ya Bagamoyo, machoni pa sheria hana leseni.

Na mzazi asidhani kosa ni la mtoto peke yake. Mwenye gari anayeruhusu asiye na leseni aendeshe, naye anavunja sheria. Kisha kuna bima. Hata kama umekata bima kubwa, soma mkataba wako: gari linatakiwa kuendeshwa na mwenye leseni hai ya daraja husika. Mtoto wa miaka 16 akiligonga ukuta wa jirani, kampuni ina haki ya kukataa kulipia gari lako.

Tunasema haya sasa kwa sababu ya kalenda yetu. Mtihani wa kidato cha nne unaisha Novemba, na kidato cha tano kinaanza Julai. Hapo katikati kijana yuko nyumbani miezi saba au minane, gari lipo uani, na mama anasema, "Hebu kimbia dukani uniletee mkate." Duka lipo mtaa wa pili, hakuna trafiki, hakuna mataa. Safari za mkate zikizoeleka zinakuwa safari za Mwenge, na kufika Machi tayari kuna dereva ndani ya nyumba ambaye hakuna aliyemfundisha.

Kila tukizungumza na vijana, kuna mmoja anauliza: mbona Marekani wanaendesha wakiwa na miaka 16, na Uingereza 17? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linatusaidia hata sisi wa 18. Nchi zilizoweka umri mdogo zimeuzungushia umri huo masharti. New Zealand ndiyo iliyotangulia, mwaka 1987, kutoa leseni kwa ngazi. Huko, kijana wa leseni ya ngazi ya kati hatakiwi kuendesha peke yake kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wala kubeba abiria bila msimamizi. Ujerumani inaruhusu miaka 17, lakini pembeni awepo mtu aliyesajiliwa, mwenye miaka 30 au zaidi na leseni ya angalau miaka mitano. Jimbo la Victoria, Australia, linamtaka mwanafunzi aliye chini ya miaka 21 aendeshe saa 120 akiwa na msimamizi, 20 kati ya hizo zikiwa za usiku, kabla ya mtihani. Saa 120! Sisi hapa mtu akimaliza wiki chache za chuo anakabidhiwa Harrier.

Hivyo tusibishane sana kama umri uwe 16 au 20. Wa kwetu ni 18, na unatosha. Pengo lipo kati ya leseni na udereva, na sheria yetu haijaliwekea ngazi. Ngazi hizo mnaweza kuziweka ninyi, kwa kuwa ufunguo uko kwenu.

Sasa, kwa nini dereva mpya anagonga? Wengi wanajibu, "Anakimbiza." Mwendo umo, na tutaufikia. Ila ukikaa pembeni ya mwanafunzi kila siku, kitu cha kwanza unachokiona ni macho yake. Dereva mpya anaangalia karibu: boneti, mstari wa barabara, gari lililo mbele yake. Vioo vya pembeni anavisahau kwa dakika nzima. Dereva mzoefu anaangalia mbali, anarudisha macho, anagusa kioo, anarudi mbali tena, wala hajui kama anafanya hivyo.

Chukueni mfano wa daladala lililosimama kituoni Sinza. Mwanafunzi anaona daladala, basi. Mzoefu anaangalia chini ya daladala aone miguu, kwa sababu aliyeshuka na kuzunguka kwa mbele atatokea ghafla bila kutazama. Anaangalia indiketa ya kulia, na hata isipowaka anaangalia tairi la mbele, maana tairi likianza kugeuka, daladala linatoka. Anaangalia kioo chake cha kulia kujua kama ana nafasi ya kulikwepa. Ana habari tatu kabla hajafika, na mguu wake umeshaacha mafuta. Mwanafunzi atazipata habari hizo akishafika, na hapo breki haimsaidii.

Kwenye kukata kushoto ni hivyohivyo. Katika foleni zetu boda zinapita pande zote mbili. Kijana anawasha indiketa, anatazama mbele, anakata, na boda aliyekuwa anapita kushoto anabanwa kati ya mlango na ukingo wa barabara. Utaratibu ni huu: indiketa mapema, kioo cha kushoto, kisha geuza kichwa kidogo uangalie pale kioo kisipofika, ndipo ukate. Kwenye Barabara ya Morogoro ongezeni hatari ya mabasi ya mwendokasi. Anayekata kulia anavuka njia za mabasi zilizo katikati, na mabasi yanatoka pande zote mbili, hata kama foleni ya magari imesimama kimya.

Mtawafundishaje macho hayo? Kuna zoezi lisilo na gharama, na mnaweza kulianza hata kabla kijana hajashika usukani. Akiwa abiria pembeni yako, mwambie aseme kwa sauti kila anachokiona kinachoweza kubadilika. "Mtoto na mpira kulia. Bajaji inasita. Gari limeegeshwa, kuna mtu ndani, mlango unaweza kufunguka." Dakika kumi zinatosha, maana zoezi linachosha. Akianza kuendesha, aendelee kusema. Akinyamaza kwa muda mrefu, jua macho yamerudi kwenye boneti.

Tuje kwenye mwendo. Vijana, hapa tunawaomba mtusikilize kwa hesabu. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda kama mita 14 kila sekunde. Kutoka macho yaone hatari hadi mguu ukanyage breki, mpe dereva sekunde moja na nusu: mita 21 zimekwisha, breki haijaguswa. Lami kavu, tairi nzuri, breki zitahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla ni mita 35. Kwa kilomita 80, muda uleule wa kushtuka unakula mita 33, na breki zinataka kama 35 zaidi. Jumla 68. Linganisheni: pale gari la 50 liliposimama kabisa, gari la 80 ndiyo kwanza breki zinaanza kushika. Mtoto aliyekuwa anavuka mita 35 mbele, la kwanza linasimama miguuni pake, la pili linamfikia likiwa bado karibu na 80. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hatari ya kufa kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa inapanda mara nne na nusu mwendo ukitoka 50 kwenda 65.

Lami ikilowa, umbali wa breki unaweza kuwa mara mbili. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa vumbi na oili zilizolala barabarani zinachanganyika na maji na kuwa utelezi. Maji yakituama Jangwani au mtaani kwenu, msimwachie kijana apime kwa macho. Sentimita 30 za maji zinaweza kuliinua gari dogo likaelea, na huwezi kuona kama mtaro umefunikwa au uko wazi.

Simu haina mjadala. Kwa kilomita 60, kutazama ujumbe kwa sekunde tatu ni mita 50 bila dereva, nusu ya uwanja wa mpira. Simu izimwe sauti na ikae kwenye mkoba kiti cha nyuma. Na wewe mzazi unayejibu ujumbe kwenye foleni ya Mwenge, mtoto wako ameshaanza kujifunza udereva, kwako.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaihesabu: marafiki ndani ya gari. Mwaka 2012 taasisi ya AAA Foundation ya Marekani ilichunguza madereva wa miaka 16 na 17. Mmoja akibeba kijana mwenzake mmoja aliye chini ya miaka 21, bila mtu mzima garini, hatari ya dereva huyo kufa ilipanda kwa asilimia 44. Akibeba wawili, ikawa mara mbili. Watatu au zaidi, mara nne. Takwimu ni za kwao, lakini kinachotokea ndani ya gari tunakijua: muziki unapandishwa, mmoja anaonyesha video, mwingine anasema "mpite huyo," na dereva ambaye bado anahitaji akili yake yote kubaki kwenye njia anaigawa mara nne. Gari lililojaa vijana kutoka Coco Beach Jumamosi saa 5 usiku lina kila kitu kwa pamoja: dereva mpya, giza, usingizi, kelele.

Basi hii ndiyo ngazi tunayopendekeza, saa 50 kabla ya kumwachia gari peke yake.

Saa 10 za kwanza ni za uwanja mtupu au mtaa wa ndani, Jumapili asubuhi. Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ajali nyingi za getini zinazaliwa hapa. Kiti kwanza: kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, kwa ajili ya mfuko wa hewa (airbag) unaofumuka gari likigonga. Mikono ishike pale penye 9 na 3 ukiufikiria usukani kama saa ya ukutani. Kisha mguu. Magari yetu mengi ni ya otomatiki, pedali mbili, mguu mmoja. Kisigino kikae sakafuni usawa wa breki, na ncha ya mguu ndiyo igeuke kwenda kwenye mafuta. Anayenyanyua mguu mzima kutoka pedali moja hadi nyingine atakosea siku moja, hasa akirudi nyuma, kwa kuwa kiuno kikigeuka mguu nao unahama bila yeye kujua. Anadhani amekanyaga breki, gari linaruka, anashtuka, anakanyaga zaidi. Ukuta unaanguka, au mtu yuko pale. Dawa yake ni ndogo: wakati wa kurudi nyuma pahali tambarare asiguse mafuta kabisa. Otomatiki inasogea yenyewe, mguu ubaki juu ya breki tu. Na kabla ya kuingia garini alizunguke lote kwa miguu, maana mtoto wa miaka miwili aliyechuchumaa nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote.

Katika saa hizohizo mfundisheni breki ya ghafla. Uwanja mpana, hakuna mtu nyuma, kilomita 40, kisha akanyage kwa nguvu zote na asiachie mpaka gari lisimame. Kama gari lina ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge kwenye breki kali, pedali itatetemeka na kutoa mlio. Wengi wakiusikia kwa mara ya kwanza wanadhani kuna kitu kimekatika, wanaachia, na hapo ndipo wanapogonga. Ausikie uwanjani kwanza, mara tano au sita, mpaka auzoee.

Saa 15 zinazofuata ni za mitaa yenye watu, bajaji na matuta: Kijitonyama, Magomeni, popote mnapokaa. Saa 15 nyingine za barabara kubwa mchana, kwenye mataa, kwenye kiplefti ambako anawapisha waliotoka kulia kwake, na kwenye magari ya mizigo ya Barabara ya Mandela. Hapo afundishwe kuacha nafasi ya sekunde mbili. Gari la mbele likipita nguzo, ahesabu taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Akifika nguzo kabla hajamaliza, yuko karibu mno. Daladala litachomeka kwenye nafasi hiyo, kweli. Aliache lichomeke, apunguze mwendo, ahesabu upya. Saa 10 za mwisho ni za usiku na za mvua, na hizi msizikwepe, kwa sababu bila hizo mvua yake ya kwanza atakutana nayo akiwa peke yake.

Mzazi unayekaa pembeni, nawe una kazi. Toa maelekezo mapema: "Mataa yajayo tunakata kushoto." Usimpigie kelele "Kata hapa!" wakati mko juu ya makutano, atakata kweli bila kutazama kioo. Kama mmekorofishana nyumbani, ahirisheni zoezi.

Akishapata leseni, kwa miezi sita ya kwanza: hakuna marafiki garini, gari liwe nyumbani saa 3 usiku, mikanda ifungwe na wote hadi wa nyuma, na hakuna safari za Morogoro wala Tanga akiwa dereva. Baada ya hapo rafiki mmoja, kisha saa ziongezwe. Tumeyaandika haya kwenye karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja, ina sehemu ya mzazi na sehemu ya kijana. Ongezeni mstari mmoja kwa mkono wenu: kwamba akikwama popote, saa yoyote, akiwa amekunywa au dereva wake amekunywa, apige simu atafuatwa, na maswali yatasubiri kesho yake. Kijana anayeogopa kupiga simu ataendesha.

Kwa wanaotaka boda: kofia ngumu iliyofungwa kamba kidevuni. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kofia inapunguza kifo kwa kama asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Ikining'inia kwenye kiwiko haipunguzi chochote.

Mwisho ni gari lenyewe, maana kijana kwa kawaida anapewa lile kuukuu la nyumbani. Washa swichi bila kuwasha injini, taa ya mfuko wa hewa iwake kisha izime ndani ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, au isipowaka kabisa, mfuko huenda haupo au haufanyi kazi, na magari ya mtumba yaliyowahi kugongwa yana tatizo hilo. Upepo wa tairi upimwe asubuhi likiwa limepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, fundi asikisie. Kashata, yaani meno ya tairi, ikishuka chini ya milimita 1.6, tairi hilo halishiki tena kwenye maji.

Na tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2419 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita lichunguzwe kila mwaka, likifika kumi litolewe hata kama linang'aa, kwa sababu mpira unakauka kwa ndani na unapasuka ukipata moto wa mwendo.

Karatasi za makubaliano ziko mezani karibu na mlango, na kalamu zipo. Mkishasaini, wenye magari tushuke wote hadi pale yalipoegeshwa. Vijana ndio watakaochuchumaa na kuwasomea wazazi tarehe za matairi, moja baada ya jingine, likiwemo la akiba.